Mguu Utakaooshwa Kwanza

Zinga, Bagamoyo
12 Novemba 2023

Mwanangu Najim,

Assalaam aleikum. Shikamoo yako ya kwenye simu niliipokea, na marahaba nilikujibu, lakini simu ni kitu cha mbio. Ukiifunga, maneno yamekwenda. Barua naikunja, naiweka khangani, nikiitaka naitoa. Nawe unajua Alhamisi wenzangu wanakuja barazani kusuka ukili, nami huwasomea barua zako. Bi Shufaa hujifanya hasikilizi, lakini nikiruka mstari hunikumbusha.

Kwetu ni wazima. Baba yako yuko na mihogo yake, ngiri wanamsumbua. Dada yako Maulida tumbo limeshuka, mkunga anasema mwezi ujao haupiti. Tumekubaliana nywele za mtoto zikatwe siku ya arobaini, wakati mmoja na akika, ili wewe upate nafasi ya kushuka kutoka huko Makambako. Mjomba ndiye wa kumpakata mtoto akinyolewa. Kwetu imekuwa hivyo, na mjomba ni wewe peke yako.

Sasa lililonikalisha kuandika. Nilikwenda mjini Bagamoyo kwa Bi Miza, shangazi yake mchumba wako Kholood, yule aliyemlea. Nilipokewa kwa halua na kahawa, nikakalishwa kwenye kochi. Nikamweleza kwamba mwanangu ni fundi wa majokofu makubwa kama nyumba, maparachichi yanalala humo mpaka yapande meli, na mashine ikigoma mabosi wote wanasimama wanamtazama yeye. Si kweli? Akafurahi. Tukasema ndoa iwe mfungo mosi, Idi ikishapita. Kisha akaniuliza taratibu, kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele, "Na ule mguu uliovunjika kwenye bodaboda?"

Nikamwambia mguu ule niliuponya mimi. Hospitali walitia chuma, kidonda kikakataa kufunga, wakataka kukufungua tena. Nikakuchukua nyumbani, nikaukanda kwa mafuta ya habasoda niliyochemsha kwa mikono yangu, asubuhi na jioni, mpaka ngozi ikafunga. Zinga nzima inajua, mpaka Kaole wanakuja kuniomba mafuta. Nikamwambia, "Siku ya harusi, Bi Miza, si wewe utakayemwosha miguu mlangoni kwa maji ya waridi kabla hajavuka kizingiti? Basi mguu huo utauosha mwenyewe, uone."

Akacheka. Maneno yakaishia hapo. Jibu upesi, mwanangu, wenzangu wanangoja Alhamisi.

Mama yako,
Mwanamkasi


Makambako
10 Desemba 2023

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na shikamoo ya baba. Wasalimie wote wa barazani, na Bi Shufaa mwambie mistari ya barua hii ni michache, asitafute mingine.

Mimi ni mzima. Baridi ya huku huijui, mama, asubuhi mtu anaongea na moshi unamtoka mdomoni. Kazini ndani ya majokofu ni baridi juu ya baridi. Maulida namwombea ajifungue salama. Siku ya arobaini nitakuwepo, nina safari ya Dar kufuata vipuri, nitaunganisha.

Mfungo mosi naona ni karibu sana. Tungeweza kusogeza? Si kwa ubaya, Kholood mwenyewe tumezungumza. Na hilo la kuoshwa miguu, je, ni lazima? Siku hizi wengi wanaingia tu, wanapigiwa vigelegele, basi.

Mguu upo, unanibeba.

Mwanao,
Najim


Zinga
3 Februari 2024

Najim,

Wa aleikum salaam. Baba yako hajambo. Mtoto hajambo, ameitwa Ishaka, jina hilo ulilisikia ukiwa umekaa mlangoni kama mgeni aliyekuja kuuliza njia.

Sina wa kumsomea barua hii wala sina haja. Nimeshtuka mpaka leo, na imepita wiki.

Ulifika Ijumaa baada ya alasiri, watu wamejaa, mbuzi amechinjwa, wakwe zake Maulida wote wamekaa ukumbini. Nimekusifu tangu asubuhi, mwanangu anakuja, mwanangu ameacha kazi kwa ajili ya mpwa wake. Ukaingia, hukukumbatia mtu. Ukachukua kigoda, ukakiweka nje ya mlango. Dada yako akakuletea mtoto mikononi, nawe ukarudi nyuma. Mbele ya watu wote ukasema, "Mama, mpe mwingine ampakate." Mjomba mtu. Mimi nilidhani masikio yangu yamekosea. Akapakatwa na Mrisho, baba yake mwenyewe, akanyolewa, na wewe unatazama kwa mbali.

Tena unakunywa maji. Kikombe baada ya kikombe, na kila mara unakwenda chooni, mpaka Bi Shufaa akaninong'oneza, "Mwanao ana sukari." Kisha akasema jingine, "Au amekuwa mtu wa bara, mtoto wa Zinga anamnukia vibaya?" Hilo ningelimeza. Ila mama mkwe wa Maulida aliniuliza jikoni, sauti chini, kama kuna jambo wewe unalijua kuhusu mtoto huyu na baba yake. Umesikia? Mjomba akimkataa mtoto mbele ya watu, watu hutafuta sababu. Mrisho tangu siku ile amenyamaza, na Mrisho ni mtu wa maneno. Maulida ananyonyesha huku analia.

Usiku huo hukulala kwetu hata, ukasema una basi. Na ulikuwa unachechemea. Nilikuona ukikata kona ya mnazi wa jirani ukidhani umeshatupotea.

Nieleze. Mimi ndiye niliyekuzaa.

Mama yako


Makambako
18 Februari 2024

Mama,

Shikamoo. Barua hii isome ndani, peke yako. Kama umeshaifungua barazani, ikunje.

Mtoto Ishaka sina neno naye, wala na baba yake. Mwambie Mrisho hivyo kutoka kwangu, nami nimempigia simu, hakupokea. Sikumkataa mtoto. Nilikuwa namkinga.

Asubuhi ya siku ile, kabla sijaja kwenu, nilikuwa hospitali kubwa ya Dar, kitengo wanachokiita cha tiba ya nyuklia. Nilichomwa sindano ya dawa inayotoa mionzi. Ni kidogo, mama, na inaisha yenyewe, kesho yake karibu yote imeshatoka kwa mkojo, ndiyo maana nilikuwa nakunywa maji. Lakini daktari alinionya kwamba siku hiyo nisimpakate mtoto mchanga wala nisikae karibu na mwenye mimba. Miadi yangu ilikuwa Jumatano. Dawa hiyo haihifadhiki dukani, nguvu yake inapungua kila saa, lazima ifike na itumike siku hiyo hiyo, na Jumatano haikufika. Ikawa Ijumaa. Nilipotoka kwenye mashine nilisimama stendi nikiwaza, nisije kabisa au nije nikae mbali. Nikaona mjomba asiyekuja ni mbaya zaidi. Pengine nilikosea hesabu.

Sasa utauliza sindano ya nini. Mguu, mama. Ulifunguka tangu Juni. Chini ya goti kuna tundu dogo kama tundu la sindano, linatoa maji yenye harufu, linakauka, nafurahi, halafu linafunguka tena. Navaa soksi ndefu. Kazini wanadhani ni baridi.

Daktari wa mifupa alipiga eksirei, akaona chuma tu na mfupa uliounga vizuri. Akasema usaha uko ndani ya mfupa mahali fulani, ila hajui wapi, na akikata kwa kubahatisha anaweza kukata mfupa usio na ugonjwa, na huo ukikatwa vipande vipande mwisho ni mguu wenyewe. Ndiyo maana akanipeleka kwenye picha hizi. Eksirei inaonyesha mfupa ulivyo. Hii inaonyesha mfupa unavyofanya kazi. Dawa inakwenda na damu, pale mfupa unapopigana inajaa, na mashine inaona. Walinilaza chali, mashine ikapita juu yangu polepole bila kunigusa, kama mtu anayepiga pasi kanzu. Nikaona mifupa yangu yote kwenye kioo, mama, mpaka mbavu, na chini ya goti la kushoto pameiva kama kaa la moto.

Lakini daktari hakuridhika. Anasema hata mfupa unaojiunga kandokando ya chuma unaweza kuwaka hivyo. Anataka picha ya pili. Nangoja tarehe.

Sikukwambia kwa sababu uliwaambia watu wote kwamba umepona.

Najim


Makambako
24 Machi 2024

Mama,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Sijapata jibu lako. Simu ukipokea unanisalimia, unaniuliza mvua, unampa baba. Baba naye ananiuliza mvua.

Picha ya pili imefanyika. Safari hii walinitoa damu, wakaipeleka chumba cha nyuma, wakachagua humo zile chembe nyeupe zinazopigana na maradhi, askari wa mwili, wakawavisha dawa ya mionzi, kisha wakanirudishia damu yangu mwenyewe mshipani. Ikawa ni kungoja tu kuona askari wanakimbilia wapi. Mfupa unaojiunga hauhitaji askari. Wamekwenda wote mahali pamoja, mama, kwenye ncha ya juu ya chuma, nyuma ya mfupa, upande ambao hakuna aliyewahi kuushika. Kovu ulilolikanda liko mbele. Ngozi ilifunga kweli, ila ugonjwa ulibaki ndani tangu siku zile.

Upasuaji ni Mei. Watatoa chuma, watakwangua mfupa uliokufa, hapo tu. Daktari anasema kwa kuwa sasa anajua mahali, mguu ana matumaini nao. Hakusema zaidi ya hapo, nami sikumwuliza.

Niandikie hata mstari mmoja.

Najim


Zinga
14 Aprili 2024

Mwanangu, jicho langu,

Idi imepita. Mvua ni ya masika kweli, kisima kimejaa, barabara ya shambani haipitiki. Baba yako anakusalimu, anasema ngiri wamehama kwa maji. Ishaka ameanza kucheka.

Barua yako ya Februari niliipata Alhamisi. Wenzangu wamekaa, ukili mikononi. Nikaifungua kama kawaida yangu, nikasoma shikamoo kwa sauti, nikafika kwenye "isome ndani". Nikaikunja. Bi Shufaa akaniuliza, "Imesemaje leo?" Nikamwambia ni salamu tu. Akasema, "Salamu za karatasi mbili?" Nikaingia ndani, nikafunga mlango, nikasema kichwa kinauma. Tangu siku hiyo sijawasomea kitu.

Mimi neno nyuklia nalijua redioni, mwanangu, kwenye habari za vita. Nilisoma hapo nikakaa chini sakafuni. Nikawaza mwanangu wamemtia bomu kwenye mishipa. Nilirudia kusoma mpaka nikaelewa kwamba ni taa si bomu, wamekuwashia taa ndani ili waone njia. Sawa. Nikatulia hapo. Nikaja kwenye Juni. Tangu Juni ulikuwa unaniambia kwa simu mguu ni mzima, nami nikaenda kumwambia Bi Miza mguu ni mzima. Ndipo nikashtuka upya, na mshtuko huo haukuwa wa nyuklia.

Hiyo ya Machi ndiyo iliyonimaliza. Askari wako wamekwenda wenyewe mpaka pale, nyuma ya mfupa. Nikavua khanga nikajishika mguu wangu mwenyewe chini ya goti, mbele, nyuma, nikautafuta. Miaka yote ile mikono yangu ilikuwa upande wa pili wa mlango. Nilikuwa nimeshika kalamu mara ngapi sijui, naandika assalaam aleikum, naishia hapo.

Nilimwita Maulida na Mrisho, nikawasomea wao tu. Mrisho aliposikia habari ya dawa na mtoto, akasema, "Kumbe shemeji alikaa nje kwa ajili ya mwanangu." Akatoka, nadhani alikupigia. Kama hakukupigia niambie, nina mwiko wa ugali. Mama yake nilimwendea mwenyewe, nikamweleza sindano na mionzi kama nimesomea. Akasema astaghfirullah, akaniomba nimsamehe kwa lile la jikoni.

Alikuja mwanamke wa Kaole na kijana wake, mguu unatoka maji. Anataka mafuta yangu. Chupa iko juu ya kabati. Nikamwambia kwanza ampeleke hospitali, mafuta nitampa wakisharudi. Alinitazama kama nimechanganyikiwa. Pengine.

Kwa Bi Miza sijakwenda. Usiniulize nitakwenda lini.

Mei mimi ninakuja Dar. Nitakaa kwa binti wa kaka yangu, hospitali nitafika kila siku na uji wangu. Usinizuie. Ule mwaka wa kwanza walipotaka kukufungua tena sikuja kungoja, nilikuja kukuchukua. Safari hii nitakaa nje ya mlango mpaka watoke.

Mama yako anayekupenda,
Mwanamkasi


Zinga
11 Agosti 2024

Mwanangu Najim,

Assalaam aleikum warahmatullah. Nashukuru umefika Makambako salama na fimbo yako. Nyumba imekuwa pana tangu uondoke, nilizoea kukusikia ukigonga sakafu kwenda kutawadha. Baba yako amekula embe zako zote ulizoacha, anasema ni za kwanza mwaka huu, hataki kuulizwa. Ishaka anatambaa. Akiona kigoda anakwenda kukishika, tunamwambia hicho ni cha mjomba.

Kile chuma chao nilikiomba kwa daktari, hukujua. Alishangaa, akakifunga kwenye karatasi akanipa. Nimekitia kwenye mkebe wa sindano. Bi Shufaa amekiona, amekishika, amekirudisha, akaendelea na ukili wake.

Sasa sikiliza. Juzi nilikwenda kwa Bi Miza. Wiki nzima najifunga khanga najifungua. Ndoa ilishasogezwa mfungo saba, lakini niliyemwambia sababu ni nani? Nilimwambia kazi, majokofu, parachichi limewahi kuiva. Nimeishiwa uongo, na miguu ndiyo hiyo inakuja kuoshwa. Ana macho, ataona kovu jipya kama njia ya reli, ataniuliza mbele ya watu.

Nikachukua picha yako ile ya hospitali uliyoiacha nyumbani, mifupa yote imesimama, weupe na weusi, na pale chini ya goti pamekoza. Nikavaa baibui langu la Idi. Nimekalishwa kochi lile lile, halua ile ile. Nikaiweka picha mezani kabla ya kahawa. Nikamwambia, "Bi Miza, mguu sikuuponya. Ulikuwa unaoza ndani, na mimi najisifu juu yake." Nikamwonyesha kwa kidole. Nikamweleza sindano, askari, damu iliyotoka na kurudi, Ijumaa ya akika, upasuaji, kila kitu mpaka fimbo. Nikasema, "Ukitaka kurudisha posa, leo ndiyo siku."

Aliitazama picha muda mrefu. Akasema mifupa ya mbavu imenyooka, kijana ana umbo zuri. Kisha akasema alikuwa anajua.

Najim, nilishtuka kuliko siku ya nyuklia. Kholood alijua tangu Januari. Ulimwambia kabla hujachomwa ile sindano. Naye akamwambia shangazi yake kwa sababu nyumba yao hawafichani. Miezi yote hii Bi Miza ananikaribisha kahawa na kunisikiliza habari za maparachichi. "Nilikuwa nakungoja useme," akaniambia. "Nilijua utakuja, ila umechelewa sana."

Kwa hiyo wa mwisho kujua nilikuwa mimi, mama mtu, niliyekuzaa Zinga nyumbani kwangu mvua inanyesha. Wewe na huyo mchumba wako tutazungumza, lakini si kwenye karatasi, maana Alhamisi nimerudi barazani, na hii nimewasomea mpaka hapa.

Nilisimama kuondoka, aibu inanichoma masikio. Bi Miza akanishika mkono mlangoni. Akaniuliza ni mguu upi. Nikamwambia wa kushoto. Akaniuliza kama maji yawe ya moto au ya uvuguvugu, mfupa uliokwanguliwa unataka nini. Nikamwambia daktari amesema hauna tena masharti. Akaniuliza tena kama akiukanda kidogo wakati wa kuuosha utauma.

Nikavuta baibui usoni. Akacheka yeye.

"Uliniambia nitauosha mwenyewe, nione," akasema. "Basi siku hiyo, mkwe mwenzangu, nitaanza na huo."

Njoo na soksi fupi.

Mama yako,
Mwanamkasi